Kamba ya Katani Ikikatika na Robota Likifumuka: Jinsi ya Kutafuta Chanzo

Wafugaji wengi wa Witu, Hindi, Mpeketoni na huku kwetu Magarini wameanza kuuliza jinsi ya kuachana na wavu wa plastiki na kamba ya manila kwenye marobota ya nyasi. Sababu zao ni za kweli. Ng'ombe amechinjwa akakutwa na bonge la plastiki tumboni. Punda wa Lamu wanaokota chakula kwenye jaa pamoja na kila kilichofungwa nacho. Shamba nalo lina vipande vya wavu ambavyo jembe huvifukua kila msimu. Basi mfugaji ananunua katani, au anamwendea mama anayesokota usumba wa makumbi ya nazi, anafunga nyasi zake, na baada ya miezi michache robota limefumuka au limeoza. Hapo anarudi kwenye plastiki akisema nyuzi za asili haziwezi hewa ya pwani.

Zinaweza. Usumba ulifunga majahazi na mitepe, yaani vyombo vya kushonwa kwa kamba, ya pwani hii karne nyingi kabla plastiki haijafika, na hewa ilikuwa hii hii. Ukichunguza robota lililoharibika kwa utulivu, mara nyingi utakuta kamba imelaumiwa kwa makosa ya nyasi, ya sakafu au ya fundo. Kwa hiyo usitupe kamba kabla hujajua nini hasa kilitokea.

Angalia kwanza ilikokatikia

Chukua kamba iliyokatika, ikunjue, utazame ncha mbili za mpasuko. Dakika tano za kutazama zitakuokolea msimu mzima.

Ikikatika kwenye fundo au karibu nalo kabisa, kosa ni la fundo au la mkazo. Fundo lolote hupunguza nguvu ya kamba, baadhi ya mafundo karibu nusu, kwa hiyo kamba iliyokazwa mno hukatikia hapo. Ikikatika kwenye kona ya robota, imesagika: ama mabua magumu yamejikusanya upande mmoja, ama marobota yaliburutwa chini badala ya kubebwa. Ikikatika upande wa chini, na ncha zake ni laini, nyeusi, zinavunjika kwa vidole, imeoza. Ikiwa chini pia lakini ina udongo udongo na imeliwa kama imetafunwa vipande, hiyo ni kazi ya mchwa. Ncha zilizokatwa safi, kwa pembe, hasa kwenye marobota ya katikati ya ghala ambako hakuna mtu anayefika, ni meno ya panya. Na ikikatika mahali popote tu, leo hapa kesho pale, huku ukiiona nyembamba sehemu hiyo kuliko kwingine, basi kamba yenyewe ilisokotwa vibaya.

Hiyo ya mwisho ndiyo pekee inayokupa haki ya kuilaumu kamba.

Ujue uzi ulio nao

Katani na usumba ni nyuzi mbili zenye tabia tofauti kabisa, na makosa mengi huanza pale mtu anapozitumia kana kwamba ni kitu kimoja.

Katani hutoka kwenye jani la mkonge. Mashamba yake makubwa yako karibu nasi, Kilifi na Vipingo, kwa hiyo haihitaji kusafiri mbali kufika Malindi. Ina nguvu na hainyooki: ukiivuta hurefuka kwa asilimia mbili au tatu tu kabla ya kukatika. Ndiyo maana mashine za kufunga nyasi duniani zilitumia katani miaka mingi kabla ya plastiki, na bado zipo zinazoitumia. Udhaifu wake ni maji yanayokaa. Ikilowa na kukauka haraka haina neno. Ikilowa na kukaa mbichi juu ya udongo, inaoza.

Usumba ni nyuzi za kumbi la nazi. Una lignini nyingi, yaani kile kinachoufanya mti uwe mgumu, asilimia arobaini na zaidi, na hicho ndicho kinachoufanya uvumilie maji ya chumvi na unyevu kuliko katani. Makumbi hufukiwa kwenye tope la ufukweni kwa miezi kadhaa, yakafukuliwa, yakapondwa, ndipo nyuzi zikasokotwa. Lakini usumba hunyooka sana, hata asilimia thelathini kwa baadhi ya nyuzi, na nguvu yake kwa unene ule ule ni ndogo kuliko ya katani. Kamba ya usumba ya kufungia robota lazima iwe nene zaidi, na lazima inyooshwe kabla ya kazi.

Miyaa na ukindu, yaani majani ya miti ya jamii ya mtende, ni vya kusuka zaidi kuliko kufunga. Hufaa vizuri kwa vifuniko na makanda, nitafika huko. Ipo pia pamba, kwa kuwa Lamu ni kaunti inayolima pamba, na kamba ya pamba ni laini sana mkononi. Kwa nyasi za kuweka muda mrefu siishauri: inakunywa maji na kuoza upesi kuliko zote.

Dalili: kamba inakatika mashine inapofunga

Wengi wetu tunakodi mashine. Mwenye mashine amekuja ikiwa imewekwa kwa kamba ya plastiki, kwa sababu ndiyo anayofungia kwa wengine, nawe unampa katani. Plastiki ni nyembamba, inateleza, na unene wake ni ule ule mwanzo hadi mwisho. Katani ni nene zaidi, inakwaruza, na ina sehemu nene na nyembamba. Springi inayobana kamba ikiwa imekazwa kwa ajili ya plastiki, katani itakatika pale pale kwenye kibanio. Mwombe fundi alegeze springi hiyo kidogo kidogo, afunge robota moja, atazame fundo, kisha alegeze tena ikibidi. Asilegeze kwa mkupuo mmoja, maana kibanio kikilegea mno kamba itachomoka kabla fundo halijapigwa, nawe utadhani ni tatizo jipya.

Angalia pia mdomo unaopiga fundo. Ukiwa na kutu au umepigwa mikwaruzo, nyuzi za katani zitanasa na fundo halitateleza kutoka. Utaona fundo limebaki kwenye mashine na robota limetoka na kamba iliyokatika nyuma ya fundo. Usuguliwe kwa msasa laini mpaka ung'ae. Kisu cha kukatia kamba nacho kiwe kikali: kisu butu huivuta kamba badala ya kuikata, na ncha zinatoka zimechanuka. Tena katani huacha vumbi na nyuzi fupi fupi nyingi kwenye sehemu za fundo. Mwenye mashine aliyezoea plastiki hajazoea kusafisha hapo. Asafishe kila jioni, na mchana pia kazi ikiwa nyingi.

Kamba ivutwe kutoka ndani ya donge, si kutoka nje, ikifuata upande ulioandikwa kwenye karatasi yake. Ukiivuta kinyume, msokoto unafunguka kila robota linapofungwa, na kufika nusu ya donge kamba haina nguvu. Donge moja likiunganishwa na jingine, funga kulia juu ya kushoto kisha kushoto juu ya kulia, ukate mikia iwe mifupi ipite kwenye matundu bila kunasa. Usiunganishe katani na plastiki kamwe. Fundo lao huteleza.

Kama donge limekaa dukani miaka, au limewekwa juani, vunja kipande kwa mikono. Katani iliyokauka kupita kiasi hupasuka kwa sauti ndogo na kutoa unga. Hiyo haifai tena kwa mashine, ingawa bado inafaa kufungia kuni.

Dalili: robota lilikuwa gumu, sasa limelegea

Hapa pana sababu tatu na zinafanana kwa sura.

Ya kwanza, nyasi zilifungwa mbichi. Zikikauka ndani ya robota zinasinyaa, na kamba inabaki na nafasi. Mkono wako utaingia kati ya kamba na nyasi kwa urahisi siku kumi baadaye. Kamba haina hatia. Soma sehemu ya joto na ukungu hapo chini, kwa sababu ulegevu huu ni ishara ya kwanza ya jambo kubwa zaidi.

Ya pili, usumba haukunyooshwa. Kamba mpya ya usumba huwa na urefu uliojificha ndani ya msokoto wake. Iloweke usiku mmoja, uifunge kati ya minazi miwili, uning'inize jiwe zito katikati, uiache ikauke hivyo hivyo imekazika. Ikikauka, imekwisha kurefuka. Sasa ikate vipande vya robota. Kuna watu wanaofunga kamba ikiwa mbichi wakidhani itakaza ikikauka. Kwa kamba za asili zilizosokotwa mambo ni kinyume: maji hufanya nyuzi zivimbe na kamba ifupike, na ikikauka hulegea. Funga ikiwa kavu.

Ya tatu ni ya wanaofunga kwa sanduku la mkono, ambalo kwa wakulima wadogo wa huku ndilo ninalolipenda kuliko mashine. Ni sanduku la mbao lisilo na mfuniko wala sakafu, la sentimita 85 kwa 55 kwa 45. Kamba mbili hutandazwa kwanza, nyasi hujazwa na kukanyagwa, kisha kamba hufungwa na sanduku likanyanyuliwa. Likikanyagwa vizuri hutoa robota la takriban kilo 20. Likikanyagwa mwishoni tu, sehemu ya juu inakuwa ngumu na ya chini ni hewa. Robota likigeuzwa mara mbili nyasi zinajipanga upya na kamba inalegea. Kanyaga kila tabaka la kiganja kimoja. Pima robota la kwanza kwa mizani: likiwa na kilo 12, rudi ndani ya sanduku.

Dalili: joto, harufu ya kuchacha, ukungu mweupe karibu na kamba

Nitakaa hapa zaidi, maana hapa ndipo nyasi nyingi za pwani zinapopotea, na ndipo kamba ya asili inaposingiziwa zaidi. Mtu anafungua robota, anaona ukungu umefuata mstari wa kamba, anasema kamba imeleta ukungu. Ukungu umeota hapo kwa sababu nyasi zimebanwa zaidi hapo na unyevu haukupata pa kutokea. Ungefunga kwa plastiki ungeota vile vile, ila plastiki isingeoza nao, kwa hiyo usingeuona mapema.

Nyasi za robota dogo zinatakiwa ziwe na unyevu wa asilimia 15 hadi 18 zinapofungwa. Zikizidi 20, vijidudu huanza kazi na joto linapanda. Huku kwetu shida ni kwamba nyasi zilizokauka saa nane mchana hunywa unyevu tena magharibi. Nyasi za Boma Rhodes zilizoachwa zimelala shambani usiku wa kusi, asubuhi ni mbichi tena hata kama mvua haikunyesha. Geuza baada ya umande kukauka, funga kuanzia saa sita mpaka saa kumi, na zilizobaki zikusanye vichungu badala ya kuzifunga kwa kukimbizana na jua.

Kipimo kisicho na gharama: chukua chupa ya kioo yenye mfuniko, kavu kabisa. Tia nyasi zilizokatwa vipande vifupi mpaka karibu nusu, ongeza vijiko viwili vya chumvi kavu, funga, tikisa dakika mbili au tatu. Chumvi ikibaki chembechembe zinazotiririka, funga robota zako. Ikigandamana mabonge, subiri. Huku Lamu na Malindi chumvi ya mezani yenyewe hunywa unyevu wa hewa, kwa hiyo ikaange kwanza kwenye sufuria kavu na uihifadhi kwenye chombo kilichofungwa.

Robota likishafungwa na ukashuku, chomeka chuma ndani yake kwa robo saa au zaidi kisha ukichomoe. Kikiwa vuguvugu, litoe kwenye rundo, lisimamishe peke yake lipate upepo. Kikiwa hakishikiki, ndani kumefika karibu nyuzi 55 za Selsiasi au kupita: tenganisha rundo lote. Kuanzia nyuzi 65 ni hatari, na likikaribia 80 moto unaweza kuwaka muda wowote. Hapo usilipasue robota mwenyewe, kwa sababu hewa ikiingia ghafla ndiyo inayowasha. Waite watu, maji yawe tayari kwanza. Ghala la makuti halisubiri.

Nyasi zenye ukungu usimpe punda. Humletea kikohozi na msokoto wa tumbo. Ng'ombe huzivumilia kidogo zaidi, lakini mwenye mimba asipewe.

Dalili: kamba imeoza upande wa chini tu

Robota limekaa chini. Hakuna zaidi. Udongo unapanda na unyevu, katani inaunywa, na mchwa wanapata njia. Panga marobota juu ya boriti au mbao, zikae juu ya mawe, na pawe na nafasi ya mkono mzima chini ili upepo upite na uone vijia vya mchwa mapema. Boriti za mikoko mchwa hawazipendi sana, lakini zinunue kwa mtu mwenye kibali cha kukata. Marobota yasiguse ukuta. Ukuta wa udongo na wa matumbawe hutoa jasho wakati wa masika. Majivu ya kuni yanayomwagwa kuzunguka nguzo husaidia kidogo, na hulazimu kurudiwa kila mvua inaponyesha.

Ukikosa kabisa pa kuinulia, tabaka la chini lifunge kwa usumba na yaliyobaki kwa katani. Usumba utavumilia pale ambapo katani haiwezi.

Na marobota yaliyovushwa kwa mashua kutoka Mokowe kwenda kisiwani yana tatizo lake. Yakirushiwa maji ya bahari, chumvi inabaki kwenye kamba, na chumvi huvuta unyevu wa hewa kila usiku. Kamba haikauki tena kikamilifu mpaka ioze. Funika kwa turubai njiani, uyapange katikati ya mashua, mbali na ubavu unaopigwa na mawimbi. Yaliyolowa yatenge, uyalishe kwanza.

Dalili: panya

Katani ya kiwandani mara nyingi hutiwa mafuta na dawa ya kuzuia panya na wadudu. Katani ya mkono haina. Weka paka, ziba matundu, acha nafasi kati ya marundo ili paka apite. Usimwage mafuta ya taa wala dawa ya mbu juu ya kamba, maana nyasi zitaishika harufu na mnyama atazila au atazikataa, yote mawili mabaya.

Dalili: robota la duara linapukutisha majani

Hapa lazima niseme wazi, kwa kuwa ndipo wenye mashamba makubwa kuelekea Galana wanapokwama. Wavu wa plastiki ulibuniwa kwa ajili ya robota la duara. Unafunika uso wote, unafungwa kwa mizunguko miwili au mitatu, na unamwaga maji ya mvua pembeni. Uzi mgumu wa katani haufumwi wavu mwembamba kama ule. Ukifuma wavu wa katani matundu yanakuwa makubwa, na kwenye mashine iliyoundwa kwa plastiki utanasa.

Kinachowezekana ni kamba ya katani kwenye mashine ya duara yenye sehemu ya kufunga kwa kamba. Itachukua muda mrefu zaidi kwa kila robota, kwa kuwa kamba inazunguka mara nyingi. Majani yakipukutika, ongeza mizunguko, uifanye iwe karibu karibu zaidi kwenye ncha mbili, ambako robota huanza kufumuka. Hakikisha kamba ya mwisho haiko ukingoni kabisa. Ikiteleza ikatoka, zote zinafuata. Dereva asilizungushe robota muda mrefu likiwa limekwisha jaa, maana kila mzunguko wa ziada unasaga majani makavu.

Robota la duara la kamba halimwagi mvua kama la wavu. Liwekwe chini ya paa. Mwenye nyasi za kuacha nje mwaka mzima bila paa, nadhani kwake jibu si kubadilisha kamba, ni kubadilisha umbo: robota dogo la mstatili, ghala la makuti, katani. Na kwa majani ya kunde au ya karanga, ambayo hupukutika hata ukiyatazama, tandika mkeka chakavu wa miyaa ndani ya sanduku kabla ya kujaza, ufunge robota na mkeka wake. Mikeka ya aina hiyo hutupwa kila nyumba.

Dalili: mnyama anatafuna kamba

Kwa kuwa ni nyuzi za mimea, wengine huacha kamba kwenye nyasi wakidhani ni chakula. Ondoa kamba. Ondoa kila mara, hata ikiwa ya katani.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Dakota nchini Marekani walilinganisha nyuzi hizi ndani ya tumbo la ng'ombe. Wavu wa plastiki haukumeng'enywa. Katani ilimeng'enywa, lakini polepole, kwa siku nyingi. Maana yake ni kwamba kipande kimoja cha katani kilichomponyoka mfugaji hakitakaa tumboni milele kama plastiki, na hiyo ni sababu tosha ya kuhama. Lakini kamba nzima kila siku, mnyama akimeza kabla ya iliyotangulia kwisha, itajikusanya.

Punda ni mwingine tena. Hacheui. Nyuzi ngumu hupita tumboni haraka na kwenda kukwama kwenye utumbo mpana. Usumba, wenye lignini nyingi hivyo, ni mgumu hata kwa ng'ombe; kwa punda usiuache hata kipande cha kidole.

Dalili za ng'ombe aliyekusanya plastiki au kamba: anakula kidogo, anakonda polepole, tumbo linajaa gesi mara kwa mara upande wa kushoto, mavi ni machache. Hazitokei siku moja, na mara nyingi anayekufa leo alianza kumeza mwaka uliopita, enzi za wavu. Kwa hiyo usiseme katani imemuua kabla daktari wa mifugo hajatazama. Kwa punda: anajitazama ubavu, anajibwaga na kugaagaa, anakataa chakula, hatoi mavi. Hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo. Kisiwani Lamu kuna kituo cha hisani cha kutibu punda tangu 1987; mpeleke au uwaite, wala usimmiminie mafuta ya kula mdomoni, kwa sababu yakiingia mapafuni umemwongezea ugonjwa.

Kama una mashine ya kukatakata majani, hatari ni kubwa zaidi. Kamba ikipita humo inakuwa vipande vifupi ambavyo mnyama hawezi kuvitenga kwa ulimi. Kata kamba kwenye fundo, ivute yote kwa mkono mmoja, uitundike kwenye msumari ulio juu ya mashine, ndipo uwashe. Marobota yenye kamba mbili, hesabu mbili kwenye msumari kwa kila robota. Hesabu isipolingana, tafuta kwanza.

Na punda au ndama anayekula kutoka kwenye wavu wa kutundika, wavu huo usishonwe kwa katani ya mashine yenye mafuta na dawa. Mpe kazi mshonaji wa majarife, zile nyavu za kuvulia, kwa kuwa mkono wake unajua tayari kushona tundu lililo sawa. Mwambie tundu la sentimita tano, katani isiyotiwa kitu. Utundike juu ya kifua cha mnyama, hata ukiwa mtupu na umening'inia, ili kwato lisinase.

Kamba zilizokwisha kazi

Zipo zinazorudi: kamba ndefu isiyooza hufungia kuni au mzigo wa kukokota, na iliyokatika kwenye fundo tu inaunganishwa na kutumika tena kwa sanduku la mkono, si kwa mashine. Zilizooza zikate vipande vya urefu wa kiganja na uzichanganye na samadi shimoni. Katani isiyotiwa dawa huisha ndani ya miezi michache ya mvua. Usumba utachukua muda mrefu zaidi, kwa hiyo uweke chini kabisa ya shimo au uutandaze kwenye mashina ya minazi uzuie magugu. Iliyotiwa dawa ya panya iweke mbali na bustani ya mchicha na mboga nyingine.

Na wavu wa zamani wa plastiki ulioko shambani, anza kuuokota kabla ya mvua, wakati bado nyasi ni fupi na unaonekana. Usiuchome, moshi wake unaingia kwa majirani, na majivu yanabaki pale ambapo ng'ombe atalisha. Kunja mafungu makavu yaliyokung'utwa nyasi na udongo, uyahifadhi kwenye gunia mpaka upate mkusanyaji wa plastiki Malindi atakayeyapokea. Wavu wenye nyasi ndani huwa haupokelewi, kwa hiyo kung'uta vizuri siku ile ile unapofungua robota, nyasi zikiwa bado kavu.